Sindano Niliyoimwaga Chini

Kihonda, Morogoro
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Saida,

Umeondoka saa saba kwenda Mlali kumuaga wifi yangu Asha, mke wa marehemu mjomba wako Salehe, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu. Nguo zako za mwisho ziko kwenye kamba, na wingu limekalia mlima tangu asubuhi, sijui kama zitakauka. Kesho alfajiri nakusindikiza Msamvu ukapande basi la Mpanda, ukaanze kazi ya udaktari wa mifugo kwa watu usiowajua. Barua hii nitakupa mkononi basi likiwa linataka kuondoka, si kabla. Nikikupa hapa nyumbani utaifungua jikoni na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, na uso wako siuwezi.

Sitaandika habari za chandarua wala za maji ya kuchemsha. Hayo nimekuimbia mwezi mzima mpaka ukaniambia, mama, nimeshika, inatosha. Ninaloliandika ni jambo ambalo nimeshindwa kulitamka tangu ulipokuwa darasa la nne.

Unaikumbuka likizo ile uliporudi kutoka chuoni na insha yako ya somo la maadili? Mimi nilikuwa nachagua mchele wa Dakawa, wewe umekaa kwenye kigoda, unanifundisha. Ulinieleza kwamba wako wanaopima tendo kwa matokeo yake, wako wanaosema wajibu ni wajibu hata matokeo yakiwa machungu, wako wanaosema mnyama ana haki zake mwenyewe na si mali tu ya mtu, na wako wanaouliza mtu mwema angefanya nini hapo. Nikakuambia wataalamu wako hao wote hawajawahi kuitwa bandani na kaka yao. Ulicheka. Ukaniita Bi Mifugo, kama watu wa Mlali walivyokuwa wakiniita.

Halafu ukanisomea ukurasa wa mwisho, ulikoweka mfano wako. Uliandika kwamba mama yako, afisa mifugo wa kijiji, alikataza ng'ombe mgonjwa asichinjwe ingawa mwenye ng'ombe alikuwa ndugu yake, kwamba ndugu hakusikia, akachinja, akafa. Uliandika kwamba ulichagua kazi hii kwa sababu ya siku ile. Mwalimu wako alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ni mfano bora.

Niliweka ungo chini nikasema kuku wameingia kwenye mchicha, nikatoka. Hakukuwa na kuku, Saida. Wa mwisho tulikuwa tumemla Idi.

Mimi sikukataza.

Sasa nimeshaandika, niendelee kabla sijapata kazi nyingine ya kufanya.

Mjomba wako Salehe alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Tulilelewa nyumba moja, tukala sahani moja, na ukoo wetu unavyohesabu mambo, yule alikuwa kaka yangu kamili na wewe ulikuwa mtoto wake kabla hujawa wa baba yako. Unakumbuka alivyokubeba mabegani kukupeleka kuona maji ya mto yakijaa. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, chotara wa maziwa, jina lake Waridi. Maziwa yake ndiyo yalikuwa chai ya nyumba ile, sabuni ya nyumba ile, na madaftari ya watoto.

Asubuhi ile alinipigia simu kwamba Waridi hasimami vizuri. Wifi Asha hakuwepo, alikuwa msibani Turiani. Nikapanda pikipiki ya kazi nikaenda. Nilimkuta ng'ombe anatetemeka, anahema kwa shida, koo limeanza kuvimba, na kipimajoto kilipanda mpaka nikakitoa nikakifuta nikakirudisha tena. Wewe ni daktari, huhitaji nikumalizie. Na wiki moja kabla, mbuzi wawili walikuwa wamekufa ghafla bondeni kule chini, damu nyeusi puani, isiyoganda. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimamia wakazikwa bila kupasuliwa, na chokaa nikawamwagia. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba nilishuku tu. Nilijua kwamba ni kimeta, na kimeta hakimwachi anayechinja.

Nilivuta dawa kwenye sindano. Nilikuwa nayo mkononi, nimeshapapasa mahali pa kuchoma, Salehe akanishika kiganja.

"Dada," akasema, "ukimchoma hiyo na akafa, hata nyama hatuna. Nimuwahi?"

Unajua kuwahi ni nini, lakini huko uendako huenda wanaita kwa jina lingine. Kwetu ng'ombe akielekea kufa, mwenye ng'ombe huwahi kisu kabla hajawa kibudu, ili nyama iwe halali. Majirani wanakuja, kila nyumba inachukua fungu lake, na kwa njia hiyo yule aliyepatwa hapotezi vyote. Ni utaratibu wa huruma. Nimeula mimi utotoni, umenikuza. Na palipo na bibi mifugo au bwana mifugo, mtu hawahi bila kumuuliza kwanza. Akikataa, watu wananung'unika lakini wanachimba shimo. Salehe alikuwa amefuata utaratibu. Aliniuliza.

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa amevaa ile fulana yake ya kijani iliyotoboka begani. Nikaufikiria mwaka ule ulivyokuwa mbaya, mahindi yalikauka, nikamfikiria wifi akirudi kutoka msibani anakuta banda tupu na shimo. Nikajiambia nyama ikipikwa sana itakuwa salama. Nikajiambia labda si kimeta. Mambo haya yote yalipita kichwani kwa muda wa mtu kumeza mate.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisukuma dawa yote ikamwagika chini kwenye majani, nikafunga sanduku langu, nikavaa helmeti, nikamwambia nina kazi ng'ambo ya mto. Nikawasha pikipiki. Nilipofika kwenye kona ya mgomba niliona kwenye kioo anaelekea nyumbani kuchukua kisu, anatembea haraka, kama mtu aliyepewa ruhusa.

Na alipewa. Kunyamaza kwangu kulikuwa ruhusa, na nilijua kwamba ataelewa hivyo. Nilichagua kunyamaza ili baadaye niweze kusema sikusema.

Daftari lako la somo lile nililisoma, Saida. Uliporudi chuo ulilisahau chini ya godoro na mimi nililisoma lote, nikavaa na miwani. Nilikuwa natafuta mahali pangu. Upande wa matokeo nilijiona kwamba nilihesabu vibaya, nilihesabu nyumba moja ya Salehe na chai yake, sikuuhesabu mkono unaoshika kisu. Upande wa wajibu sina la kujitetea, sheria niliijua kwa moyo. Upande wa mnyama ndipo niliposimama nikalia kidogo, maana Waridi mwenyewe hakuna aliyemfikiria. Dawa ilikuwepo, huenda ingemponya, na sisi wawili tulisimama juu yake tukizungumza habari za nyama naye anatusikia. Lakini mle daftarini sikuona ukurasa unaomhusu mtu anayelijua jibu, halafu anavaa helmeti.

Kama kosa langu lingeishia hapo, labda ningekuwa nimeshakuambia siku nyingi. Kosa lile la kwanza lilitoka kwenye huruma, huruma mbovu ya mtu mwoga, lakini huruma. La pili halikuwa na huruma hata punje.

Salehe alipochinja alikuwa na mchubuko kwenye mkono, kitu kidogo cha kuti au waya. Siku ya tatu pakaota kipele kinachowasha. Akadhani buibui. Siku ya tano nilikwenda kumwona, akanionyesha. Kilikuwa kidonda cheusi katikati, hakimuumi, na mkono umevimba mpaka juu ya kiwiko. Nililijua lile jambo kwa jina lake nikiwa nimesimama mlangoni. Na nikasema, kaka, nenda zahanati. Basi. Sikumwambia ni nini, sikumwandikia kikaratasi cha kumpa mganga. Kule zahanati wakampa vidonge vya jipu.

Nilijua kwamba nikilitaja lile jina nitaulizwa ng'ombe yuko wapi, na nani alimwona, na kwa nini hakuzuia. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na wewe na ada yako, nilikuwa na jina. Nilijiambia nasubiri siku moja nione.

Walimleta mjini hospitali mkono ukiwa umevimba mpaka kifuani, homa kali, anapumua kwa shida. Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka. Alimuuliza kama alishika mnyama mgonjwa siku za karibuni. Salehe akasema alichinja ng'ombe wake. Daktari akauliza kama kuna mtaalamu wa mifugo aliyemwona yule ng'ombe kabla ya kuchinjwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika chupa ya uji.

Salehe alinitazama. Alinitazama kwa muda, Saida, si kwa hasira. Halafu akamgeukia daktari.

"Hapana," akasema. "Niliamua mwenyewe."

Na mimi nikanyamaza kwa mara ya pili. Nikamimina uji kwenye kikombe.

Kesho yake niliona haya ya kutosha nikamfuata daktari kwenye korido nikamwambia amfikirie kimeta, nikasema nimesikia fununu za mbuzi kule bondeni. Fununu, nilisema hivyo. Alikimbia, nakumbuka alivyokimbia. Wakambadilishia dawa siku ile ile. Ilikuwa imechelewa. Mjomba wako alifariki Ijumaa, na wewe ulikuwa shuleni, na ulipokuja nyumbani ukauliza kwa nini viatu vya mjomba viko kwetu.

Watu wa wilayani walikuja kuchunguza. Walioila ile nyama wengine waliumwa tumbo, wakapewa dawa, kwa rehema za Mungu wakapona wote. Nikaulizwa nilikuwa wapi. Na hapo, kwa kuwa Salehe alikuwa ameshanitengenezea njia, nikaipita. Nilisema niliitwa, maana majirani walikuwa wameiona pikipiki yangu, nikakataza, nikaondoka kwenda kazini, na marehemu hakunisikia. Nikaandika hivyo kwenye ripoti kwa mwandiko wangu mzuri. Nilisifiwa. Kijiji kizima kikaanza kusimulia jinsi Bi Mifugo alivyokataza na kaka yake akafanya ubishi, mpaka mbishi likawa ndilo jina la Salehe. Wakikanya watoto wao wanasema, usije ukawa kama Salehe. Mtu aliyefuata utaratibu, aliyeuliza kwanza.

Baada ya hapo nikawa mkali. Unaukumbuka ukali wangu, wewe unadhani ndio msimamo. Kuna mzee mmoja wa juu mlimani, ng'ombe wake aliteleza kwenye matuta akavunjika mguu, mzima kabisa, hana homa, hana lolote. Sheria inaruhusu achinjwe palepale akaguliwe. Nilikataa. Nikamwambia amzike. Alizika nyama safi huku ananitazama, na wajukuu wake wananitazama, na mimi nimesimama na kalamu yangu. Watu walisema mama yule hana upendeleo. Nilikuwa naogopa tu. Mtu akiona mama yako alivyokuwa akisema hapana kila mahali angedhani nina maadili, kumbe nilikuwa namjibu Salehe swali aliloniuliza mara moja, nikiwajibu watu wengine badala yake.

Sikuandikii haya ili uwe mkali, wala ili uwe mpole. Sijui uwe nini. Kule Mpanda utaitwa bandani, na utakuta watu ambao ng'ombe ndiye kila kitu chao, na watakutazama wewe mtoto wa juzi kama vile unalo jibu. Wakati mwingine utakuwa nalo na litakuwa jibu baya kwa kila mtu aliyesimama pale. Naomba ulitoe kwa mdomo. Ukikosea, ukosee kwa sauti, ili mtu apate nafasi ya kubishana na wewe. Salehe hakupata nafasi hiyo. Ningesema hapana, tungegombana, angenuna mwaka mzima, angekuwa hai na ananuna.

Na ukishakosea, maana utakosea, tazama sana siku mbili tatu zinazofuata. Mimi ndizo zilizonimaliza. Siku ile ya banda nimeshajisamehe nusu. Zile siku za hospitali sijazigusa.

Sasa nikuambie kwa nini leo. Kila mwaka wifi Asha anamsomea mumewe hitima, na kila mwaka mimi nakwenda kumenya viazi na kuosha sufuria. Mwaka huu, mwezi uliopita, wageni wakishaondoka, aliniita chumbani akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Wifi, nisamehe. Kaka yako alikudharau katika kazi yako, na sijawahi kukuomba radhi kwa niaba yake." Analiona kama jambo ambalo lazima alimalize kabla hajafa. Miaka yote hii mwanamke yule ameishi na aibu ya mume mbishi, amewalea wale watoto wakiitwa watoto wa mbishi, na ananiomba radhi mimi.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, yameshapita. Nikanyamaza kwa mara ya tatu.

Na hivi sasa uko kwake. Najua unavyompenda, najua atakufungia maandazi kwenye mfuko na atakuambia uwe na msimamo kama mama yako. Na wewe utaitikia.

Kuna wakati alasiri hii niliinuka nikatoa shati lako kwenye kamba, bado bichi, nikalirudisha, nikafikiri, mwache aende na mama aliyemwandika kwenye insha, kuna ubaya gani, yule mama amemfikisha mbali. Huyo mama wa kwenye insha ni mzuri, Saida. Ningempenda na mimi. Lakini siku moja utasimama kwenye banda la mtu, umechoka, umeingiwa na huruma, utajiuliza mama angefanya nini. Na mama yako alifanya hivi nilivyokueleza. Ukijilinganisha na mtu ambaye hakuwepo, siku utakayoshindwa utadhani ni wewe peke yako uliyewahi kushindwa, na utaficha kama nilivyoficha.

Nimeulizia kama nakala ya ile ripoti bado ipo ofisini wilayani. Ipo, imeliwa na mende pembeni lakini inasomeka. Nimeandika nyingine ya kuambatanisha nayo. Sijui watanifanya nini, nimeshastaafu, labda hawatanifanya chochote, na hilo nalo ni adhabu ya aina yake. Lakini wilaya inaweza kusubiri.

Kesho basi lako likishatoka Msamvu sirudi Kihonda. Nachukua gari la Mlali pale pale. Wakati unasoma mstari huu, kama hujasinzia, mtakuwa mnapita mbugani Mikumi, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye mkeka uani kwa wifi Asha, na atakuwa anadhani nimekuja kulia kwa sababu mtoto ameondoka. Nitamwambia mumewe aliuliza. Nitamwambia mbele ya watoto wake, wale wakubwa, kama watakuwepo. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua. Kama hakuna mtu anayejua kwamba nimekwenda, nitafika pale, nitakunywa chai, nitasema yameshapita, na nitarudi.

Huenda atanifukuza. Huenda na wewe hutataka kunisikia kwa muda, na sitakupigia simu kukusumbua, nitasubiri. Lakini ukifika Mpanda salama na ukaona unaweza, nipigie. Usianze na shikamoo, usiniulize habari za nyumbani wala kama nimekula. Niulize kama nimesema. Na nikinyamaza, mwanangu, usikate simu. Niulize tena.

Mama yako,
Mwanaidi